Maisha ya Isao Okawa na Mashine ya Mwisho ya Sega

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Mtu akisema kwamba atasimulia maisha ya mtu mashuhuri, wasomaji hutazamia habari za mfalme, au jemadari, au daktari aliyevumbua dawa. Mtu nitakayemsimulia leo hakuwa mmoja wa hao. Alikuwa mfanyabiashara wa Kijapani aitwaye Isao Okawa, aliyefariki tarehe 16 Machi 2001, kabla ya sisi wanafunzi wa shule hii kuzaliwa. Kwao Japani alijulikana sana kwa kazi za kompyuta. Kwa wapenzi wa michezo ya televisheni, jina lake limebaki kwa sababu ya uamuzi mmoja. Ndiye aliyeamua kwamba kampuni ya Sega iache kutengeneza mashine za michezo, ibaki kutunga michezo tu, na iiuze michezo hiyo kwa watu wenye mashine za makampuni mengine, hata za wale waliokuwa wakishindana nayo.

Nimechagua habari zake kwa kuwa ndani yake mna swali linalomhusu kila mtu mwenye kazi. Ni lini mtu aishikilie kazi yake mpaka mwisho, na ni lini yampasa aitue chini? Na akiitua, gharama yake ailipe nani?

Bwana Okawa alizaliwa mwaka 1926 katika mji wa Osaka, ambao tangu zamani ni mji wa wafanyabiashara. Ujana wake uliangukia katika Vita Kuu ya Pili, iliyokwisha mwaka 1945 na kuiacha Japani imeungua na maskini. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Waseda mjini Tokyo. Hakutajirika mapema, wala jina lake halikusikika upesi. Mwaka 1968, alipokuwa na umri wa miaka 42, ndipo alipoanzisha mjini Osaka kampuni iliyojulikana baadaye kwa jina la CSK. Wako watu wanaofikiri kwamba asiyefanikiwa kabla ya miaka 30 amekwisha kuchelewa. Maisha ya mzee huyu yanawakanusha.

Yafaa nieleze kazi ya CSK, maana bila ya hiyo hatutamwelewa mwenyewe. Siku zile kompyuta ilikuwa mtambo mkubwa wa kujaza chumba kizima. Mabenki na viwanda viliweza kuinunua, lakini vilikosa watu wa kuiendesha na kuiandikia programu. Kampuni ya Okawa haikutengeneza kompyuta hata moja. Iliwafundisha vijana, ikawapeleka kwa wateja, wakafanye kazi juu ya mitambo iliyotengenezwa na wengine. Biashara ikastawi, na mwaka 1982 hisa za CSK zikaanza kuuzwa katika soko la hisa la Tokyo. Basi tangu mwanzo mtu huyu alijipatia riziki kwa ujuzi wa watu wake, na chombo kilikuwa cha mwingine. Naomba msomaji alikumbuke jambo hili, kwa maana nitalirudia.

Sasa niitaje Sega. Jina hilo limeundwa kwa herufi za mwanzo za maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya huduma na michezo. Kampuni hiyo ilikuwa ikitengeneza mashine kubwa za kuchezea kwa sarafu, zile zinazowekwa katika kumbi za starehe, na mwaka 1969 ilinunuliwa na kampuni moja ya Marekani. Tarehe 15 Julai 1983 ilitoa mashine yake ya kwanza ya kuchezea nyumbani. Siku hiyo hiyo kampuni nyingine ya Kijapani, Nintendo, nayo ikatoa ya kwake. Ya Nintendo ilipendwa kuliko ile ya Sega, na ushindani wa makampuni hayo mawili ukaanza hapo.

Mwaka 1984 Wamarekani walitaka kuiuza Sega. CSK ya Bwana Okawa ilishirikiana na David Rosen, Mmarekani aliyekuwa mmoja wa wakuu wa Sega tangu zamani, na Hayao Nakayama, wakainunua kwa dola milioni 38. Nakayama akawa mwendeshaji mkuu, na Okawa akakaa kiti cha mwenyekiti.

Kwa ajili ya wazazi wetu ambao hawakukua na vitu hivi, nitaeleza jinsi biashara hiyo inavyokwenda. Mashine ya michezo ni sanduku dogo linalounganishwa na televisheni. Sanduku peke yake halina faida kwa mtoto. Lazima anunue na michezo ya kuingiza ndani yake. Mara nyingi mwenye kampuni huliuza sanduku kwa faida ndogo sana, au hata kwa hasara. Hufanya kama mtu auzaye taa kwa bei rahisi akijua ya kuwa mnunuzi atarudi kila juma kununua mafuta. Zaidi ya hayo, watunzi wengine wakitaka kutoa mchezo kwa ajili ya sanduku hilo, humlipa mwenye sanduku ada. Kwa hiyo aliyeuza masanduku mengi hupata mara mbili: kwa michezo yake, na kwa michezo ya wenziwe. Lakini aliyeuza machache hupoteza mara mbili. Amepata hasara juu ya sanduku, na watunzi wanamkimbia kwa kuwa wateja wake ni wachache. Wateja nao wakiona hakuna michezo hawanunui sanduku. Ni mduara, na aliyekwisha kuingia humo hutoka kwa shida sana.

Sega ilipata siku zake njema. Mwaka 1988 ilitoa mashine iliyoitwa Mega Drive, na mwaka 1991 ukatoka mchezo wa Sonic, nungunungu wa rangi ya buluu mwenye mbio nyingi. Katika Marekani Sega iliipita Nintendo kwa muda, na Mega Drive zipatazo milioni 30 ziliuzwa duniani.

Baada ya hapo yakaja makosa. Mwezi Novemba 1994 Sega ilitoa kifaa cha kuongezea nguvu Mega Drive, na mwezi huo huo ikatoa Japani mashine mpya kabisa, Saturn. Mnunuzi akashindwa kujua anunue lipi. Mwezi Mei 1995 Saturn ikatolewa Marekani ghafla, miezi kadhaa kabla ya siku iliyokuwa imetangazwa. Watunzi wa michezo hawakuwa tayari, na wenye maduka ambao hawakupewa mzigo wakaudhika. Bei yake ilikuwa dola 399. Kampuni ya Sony, ambayo ilikuwa mgeni katika biashara hiyo, ikaleta PlayStation kwa dola 299. PlayStation ikaja kuuzwa zaidi ya milioni 100; Saturn haikufika milioni 10.

Mwaka 1997 ilitangazwa kwamba Sega ingeungana na Bandai, kampuni ya vitu vya kuchezea watoto. Mpango huo ulivunjika baada ya miezi michache. Mwaka 1998 Nakayama aliacha urais wa kampuni, akashika mahali pake Shoichiro Irimajiri, aliyekuwa mhandisi wa kampuni ya Honda hapo awali. Tarehe 27 Novemba mwaka huo Sega ikatoa Japani mashine iliyoitwa Dreamcast.

Nisiseme uongo: Dreamcast ilikuwa mashine nzuri. Iliuzwa ikiwa na modemu yake tayari, mtu akaweza kuiunganisha na waya wa simu na kucheza na mwenzake aliye mji mwingine, wakati ambapo watu wengi hawajaijua intaneti. Ilipofunguliwa Marekani tarehe 9 Septemba 1999, ziliuzwa zaidi ya 225,000 katika saa 24 za kwanza. Okawa mwenyewe aliamini sana habari za intaneti, na mwaka huo huo wa 1999 aliikopesha Sega dola milioni 500 kutoka katika mali yake. Hapa pana jambo la kushangaza, maana wanaomjua wanasema alikuwa na rai ya siku nyingi kwamba Sega iachane na mashine. Yaani alikopesha fedha zake kwa ajili ya kazi ambayo moyoni aliitilia shaka.

Shaka yake ikathibitika. Sony ilitangaza mashine yake ya pili ya PlayStation, na tarehe 4 Machi 2000 ikaitoa Japani. Iliweza pia kuonyesha sinema za DVD, kwa hiyo mzazi aliyenunua alipata vyombo viwili katika kimoja. Electronic Arts, kampuni kubwa ya Marekani inayotunga michezo ya mpira, ilikataa kabisa kuitungia Dreamcast. Sega ilitumaini kuuza Dreamcast milioni 5 nchini Marekani kufikia mwisho wa mwaka 2000, ikauza milioni 3 hivi. Katika mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2000 hasara yake ilikuwa zaidi ya yeni bilioni 42. Wahenga wamesema mali bila daftari hupotea bila habari. Hii ilikuwa na daftari, na habari zote zilionekana humo. Kilichokosekana ni mtu wa kulisoma kwa sauti mbele ya wote.

Mtu huyo akapatikana. Tarehe 22 Mei 2000 Okawa alimwondoa Irimajiri, akashika urais wa Sega mwenyewe. Alikuwa ametimiza miaka 74 siku tatu kabla ya hapo.

Mwezi Septemba mwaka huo wakuu wa Sega wa Marekani, Peter Moore na Charles Bellfield, walikwenda Japani. Katika mkutano na wakuu wa makao makuu na wa vyumba vya utunzi, walishauri kampuni iache mashine, ibaki na michezo. Wakuu wa utunzi wakainuka na kutoka nje ya mkutano. Mimi siwalaumu. Nimejaribu kujiweka mahali pao, na naona walikuwa na hoja tatu.

Hoja ya kwanza ni heshima. Mtu aliyejenga nyumba yake mwenyewe hapendi kuwa mpangaji, hasa mpangaji wa yule waliyegombana miaka kumi na saba. Ya pili ni uhuru. Mwenye mashine yake huamua iwe na kitu gani ndani. Modemu ya Dreamcast iliwekwa kwa sababu Sega ilitaka hivyo. Anayetungia mashine za wengine hupokea alichopewa, na hulipa ada juu yake. Ya tatu ni ahadi. Watu karibu milioni 9 walikuwa wamenunua au walikuwa wananunua Dreamcast kwa kuamini kwamba michezo itaendelea kuja. Kuwaacha njiani si jambo dogo.

Hoja hizi ni za kweli, lakini zote zahitaji fedha, na fedha hazikuwapo. Upande wa pili ulikuwa na hoja moja tu yenye nguvu: Sega ilijua kutunga. Katika vyumba vyake vya utunzi mlikuwa na watu ambao washindani waliwaonea wivu. Kazi zao zilionwa na wateja wachache kwa sababu zilifungiwa ndani ya sanduku ambalo watu wachache walilinunua. Mchezo ule ule ukiwekwa katika mashine tatu au nne, kazi ya kuutunga haiongezeki mara tatu au nne, lakini wateja huongezeka. Na hasara ya sanduku huondoka kabisa. Mshika mbili moja humponyoka. Sega ilikuwa karibu kuponyokwa na zote mbili.

Hapa nalirudia lile nililoomba msomaji alikumbuke. Okawa alikuwa amejenga mali yake yote kwa kufanya kazi juu ya mitambo ya wengine. Kwa mhandisi wa Sega, kutungia mashine ya Sony kulionekana kama kushindwa. Kwa mzee wa CSK, nadhani, kulionekana kama kazi ya kila siku.

Kabla ya kuamua alitafuta njia nyingine. Alizungumza na kampuni ya Microsoft ya Marekani, iliyokuwa ikitayarisha mashine yake ya Xbox, juu ya kuinunua Sega au kuungana nayo. Mazungumzo hayo hayakufika popote. Tarehe 23 Januari 2001 gazeti la Nihon Keizai Shimbun likaandika kwamba Dreamcast itaachwa. Kampuni ilikana mwanzoni. Lakini tarehe 31 Januari ikatangaza rasmi kwamba utengenezaji utakoma baada ya tarehe 31 Machi, na kwamba tangu hapo Sega itatunga michezo kwa ajili ya mashine za wote.

Wakati huo Okawa alikuwa mgonjwa sana. Kabla ya kufariki alifanya jambo ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike habari zake. Aliisamehe Sega deni alilokuwa akiidai. Tena akairudishia kampuni hisa zake za Sega na za CSK, zenye thamani iliyokaribia dola milioni 700. Sega ilihitaji fedha nyingi ili kubadili kazi: kulipa walioachishwa, kumaliza mikataba ya viwanda, na kuishi mpaka michezo mipya itoke. Fedha hizo zilitoka kwake. Mwezi mmoja na nusu baada ya tangazo lile akafa. Hakuona hata mchezo mmoja wa Sega ukiuzwa ndani ya mashine ya Nintendo. Wa kwanza ulitoka Japani tarehe 21 Machi 2001, siku tano baada ya kifo chake.

Mabadiliko hayo hayakuwa matamu. Mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2001 hasara ilizidi, ikafika yeni bilioni 51.7. Watumishi wengi walipoteza kazi zao. Dreamcast zilizobaki ghalani, zilizokisiwa kuwa 930,000, zikashushwa bei mpaka dola 99, kisha chini ya hapo, na waliozinunua kwa dola 199 mwaka mmoja na nusu nyuma wakajiona wamepunjwa. Msiba haukuwa wa matajiri tu.

Hata hivyo kampuni haikufa. Mwezi Desemba 2001 Sonic alitokea katika mashine za Nintendo, jambo ambalo miaka kumi kabla lingechukuliwa kuwa mzaha. Katika mwaka wa hesabu ulioishia Machi 2003, Sega ilipata faida baada ya miaka mitano ya hasara mfululizo. Mwaka 2004 iliungana na kampuni ya Sammy. Mwaka 2006 ilinunua kampuni ya Kiingereza inayotunga Football Manager, mchezo unaopendwa na wapenzi wa mpira kila mahali. Mwaka 2007 Sonic na Mario wa Nintendo walitiwa katika mchezo mmoja wa Olimpiki. Wengi wetu hapa shuleni hatujaiona Dreamcast kwa macho, wala Mega Drive. Lakini tukiwa likizo tumemwona Sonic katika simu za kaka zetu na dada zetu. Simu hizo Sega haikuzitengeneza. Nungunungu yule angalibaki katika sanduku lake, nadhani tungalimjua kama tunavyozijua sahani za santuri, kwa kusimuliwa na wazee.

Msomaji mwenye akili ataniuliza: je, basi kila mwenye kutengeneza mashine za michezo na afanye hivyo hivyo? Hapana, na mfano ni Nintendo wenyewe. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1889 kwa kutengeneza karata. Mwaka 2012 ilitoa mashine iitwayo Wii U, iliyouzwa milioni 13 na nusu tu kwa jumla. Watu wengi wakaishauri ifuate njia ya Sega, iache mashine na kutungia simu na mashine za wengine. Haikukubali. Iliweka mguu mmoja tu katika michezo ya simu, ikaendelea na mashine yake, na mwaka 2017 ikatoa Switch, iliyokwisha kuuzwa zaidi ya milioni 150. Kama ingalisikiliza ushauri ule, ingalikosa faida kubwa mno.

Tofauti ni nini? Kwa maoni yangu ni mbili. Nintendo ilikuwa na akiba kubwa ya fedha, ikaweza kustahimili mashine moja iliyoshindwa na kujaribu tena. Sega ilikuwa imeshindwa mara kadhaa mfululizo, na haikuwa na akiba ila mfuko wa mzee mmoja. Tena mashine za Nintendo huwa hazifanani na za wengine, kwa hiyo michezo yake hufaa zaidi ndani yake. Dreamcast ilishindana na Sony katika njia ile ile moja, na katika njia hiyo mwenye fedha nyingi hutangulia. Kwa hiyo swali si kama mashine ni jambo la fahari. Swali ni kama mashine bado inailisha kazi, au kazi ndiyo inayoilisha mashine huku yenyewe ikikonda.

Nisimpambe mzee huyu kupita kiasi. Alikuwa mwenyekiti tangu mwaka 1984, na makosa ya mwaka 1994 na 1995 yalitendeka akiwa katika kiti hicho. Ikiwa aliona mapema kwamba mashine zingeiangamiza kampuni, angaliweza kusema kwa nguvu kabla Dreamcast haijajengwa, na watu milioni 9 wasingalinunua chombo kilichoachwa njiani. Alichelewa. Lakini kuna wanaochelewa na kunyamaza, na kuna wanaochelewa kisha wakalipa.

Jambo moja zaidi lafaa lisemwe juu yake, kwa kuwa hili ni gazeti la shule. Okawa aliamini kwamba watoto huzielewa kompyuta kuliko wazee wao, na kwamba wapewe nafasi ya kusema. Mwaka 1995 alisaidia kufanyika kwa mkutano wa watoto wa mataifa mbalimbali mjini Tokyo. Mwaka 1998 mkutano wa pili uliwakusanya kwa njia ya intaneti watoto wapatao 3,000 wa nchi zaidi ya 100, na baadhi yao wakakutana katika chuo cha MIT nchini Marekani. Mwaka huo alikipa chuo hicho dola milioni 27 kwa ajili ya kituo cha kuchunguza jinsi watoto wanavyojifunza. Kituo hicho kinaitwa kwa jina lake.

Hukumu yangu juu ya uamuzi wake ni hii. Naona alitenda sawa. Alitenganisha ujuzi na chombo, akakiacha chombo ili ujuzi uishi. Wako mafundi waliofunga karakana zao wakaenda kufanya kazi katika karakana za wengine, na watu wakawacheka. Lakini mikono yao ilibaki na ufundi wake, na watoto wao walikula. Asiyekubali kushindwa si mshindani. Sega ilikubali kushindwa katika masanduku, ikaendelea kushindana katika michezo mpaka leo.

Lakini kama Okawa angalitoa amri ile tu, kisha akachukua hisa zake na kwenda zake, nisingaliandika habari zake. Matajiri wanaofunga viwanda ni wengi, na kwa kawaida anayelipa ni mtumishi aliyeachishwa na mnunuzi aliyedanganyika. Hao walilipa hapa pia, kama nilivyosema. Tofauti ni kwamba yule aliyetoa amri alilipa kuliko wote, alilipa akiwa kitandani, na alilipia kazi ambayo matunda yake hakuyaona.